Acheni kuzima funguo za kigeni kwenye kanzidata za pesa za watu!

Wakuu, hili jambo nimekaa nalo siku nne nikitafuta namna ya kuliandika kwa upole. Nimeshindwa. Naliandika kama lilivyo.

Ijumaa asubuhi nimefungua msimbo wa mfumo wa SACCOS moja ambao nimeufanyia ukarabati miezi mitatu, nikakuta mstari huu kwenye faili linalounganisha programu na kanzidata:

SET FOREIGN_KEY_CHECKS=0;

Maana yake: usikague funguo za kigeni. Aliyeuweka ni kijana mwenzetu na kazi anaiweza. Alikuwa anapakia wanachama wa tawi jipya kutoka Excel, MySQL, programu ya kanzidata tunayotumia, ikamkatalia kwa kosa namba 1452, yaani rekodi moja (mtoto) inataja rekodi nyingine (mzazi) ambayo haipo. Badala ya kuuliza mzazi yuko wapi, akazima ukaguzi. Data ikaingia yote, akaandika kazi imekwisha, akaondoka. Mstari ukabaki palepale. Siku tisa! Siku tisa kila mkopo, kila rejesho, kila udhamini umeingia kwenye mfumo ule bila kuulizwa unamhusu nani.

Kwa ambao hawashughuliki na mambo haya: ufunguo wa kigeni ni ile namba iliyomo kwenye jedwali moja inayotaja rekodi ya jedwali lingine. Jedwali la mikopo lina namba ya mwanachama, na mwanachama mwenyewe yuko kwenye jedwali la wanachama. Ukiweka sharti, kanzidata yenyewe inakataa kuandika mkopo wa mtu asiyekuwepo, na inakataa kumfuta mtu ambaye bado ana mkopo. Si jambo la jana. Codd wa IBM alilieleza mwaka 1970. Miaka zaidi ya 50 imepita na bado tunabishana kama lina umuhimu.

Sasa niwaeleze kwa nini nina hasira, maana wengine mtasema ni mstari mmoja tu.

Kilichofanya niitwe kwenye ule mfumo, kabla hata ya mstari huu, ni mama mmoja anayeuza chakula karibu na stendi. Alikwenda kutoa akiba yake ya ada ya mtoto. Dirishani akaambiwa akiba imezuiwa, yeye ni mdhamini wa mkopo wa shilingi 1,800,000 ambao mkopaji ameacha kulipa. Akasema hajamdhamini mtu. Karani akageuza skrini akamwonyesha: namba ya mwanachama 4127, hii hapa, ni yako. Kompyuta imesema. Mama akarudi nyumbani bila pesa, na mtoto akakaa wiki mbili bila kwenda shule.

Nilipomkuta ofisini nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, mimi huyo mtu hata sura simjui. Mnaniandika kwenye deni lake kwa sababu gani?"

Nilichimba siku mbili. Ilikuwa hivi. Mwanachama mmoja alisajiliwa mara mbili kwa makosa, akapata namba 4126 na 4127. Udhamini wake ukaandikwa kwenye 4127. Ofisi ilipogundua kuna rekodi pacha, ikafuta 4127. Jedwali la wadhamini halikuwa na sharti lolote, kwa hiyo ufutaji ukapita na rekodi ya udhamini ikabaki inaning'inia, inataja namba isiyo na mtu. Jioni ile umeme ukakatika, seva ikazima, ikawaka asubuhi. Na hapa ndipo penye sumu. Kwenye MySQL 5.7 kurudi nyuma, InnoDB, yaani injini ya MySQL inayohifadhi majedwali, haihifadhi kwenye diski namba iliyofikia katika kuhesabu AUTO_INCREMENT, zile namba za rekodi inazojipangia yenyewe. Inaikumbuka kwenye memori tu. Seva ikizimwa na kuwashwa, inatazama namba kubwa iliyopo kwenye jedwali, inaongeza moja. Kubwa iliyokuwepo ni 4126. Mwanachama wa kwanza kusajiliwa asubuhi hiyo akapewa 4127, na huyo mwanachama ndiye mama wa stendi. Amejiunga saa tatu asubuhi tayari ana deni la mtu mwingine shingoni. Tabia hii ilirekebishwa kwenye MySQL 8.0, lakini mnajua wenyewe ni seva ngapi huku kwetu bado ziko kwenye 5.7.

Sharti lingekuwepo, yule karani aliyefuta 4127 angepata kosa namba 1451, yaani huwezi kumfuta mzazi mwenye watoto, hapohapo, mbele ya macho yake. Angeuliza. Udhamini ungehamishiwa 4126 na kisa chote kisingetokea.

Nikajiuliza ni mzembe gani aliyeandika mfumo wa mikopo bila funguo za kigeni. Nikafungua mafaili ya zamani. Jamani, aliziandika! Fundi wa kwanza, mwaka 2009, aliandika FOREIGN KEY kwenye kila jedwali, kwa usahihi kabisa. Ila wakati ule MySQL ilikuwa inaunda majedwali kwa injini ya MyISAM usipotaja nyingine, na MyISAM inasoma sharti la ufunguo wa kigeni, haioni kosa, inalitupa. Inakujibu "Query OK". Hakuna onyo. Baadaye mtu akahamishia majedwali InnoDB, akaamini masharti yamehama nayo. Yangehama vipi wakati hayakuwahi kuhifadhiwa?

Akaja fundi wa pili kupanga upya msimbo. Naye akataka mambo yawe sawa, akaandika sharti ndani ya mstari wa kolamu:

mwanachama_id INT NOT NULL REFERENCES wanachama(id)

PostgreSQL, kanzidata nyingine, ingelikubali na kulitekeleza. MySQL ikalisoma, ikajibu "Query OK", ikalitupa tena. Imekuwa hivyo miaka yote mpaka toleo la 9.0 la mwaka 2024 ndipo namna hiyo ya kuandika ikaanza kutekelezwa. Watu wawili wenye nia njema, kwa nyakati tofauti, waliandika sharti lilelile, na wote wawili walidanganywa na mashine iliyoitikia ndiyo. Hili mimi siwasamehi waliotengeneza kanzidata. Kama huwezi kutekeleza sharti, likatae! Mtu akipata kosa atalishughulikia. Akijibiwa sawa atalala usingizi.

Nikaanza kazi ya kuweka masharti ya kweli. Hatua ya kwanza kila mtu anaijua, unatafuta rekodi yatima, mtoto asiye na mzazi, kwa LEFT JOIN, amri ya kulinganisha majedwali mawili. Nilipata 212 kwenye marejesho na udhamini. Zile hazikunisumbua sana, maana zinaonekana. Kilichoninyima usingizi ni zile zisizoonekana. Rekodi ya mama wa stendi si yatima. Ina mzazi, ila si mzazi wake. LEFT JOIN inaipita, sharti jipya linaikubali, kila kitu kinaonekana safi. Unaweka ufunguo wa kigeni juu ya uongo na sasa uongo una muhuri.

Njia niliyoipata ni tarehe. Udhamini ulioandikwa kabla mdhamini hajajiunga na chama hauwezekani. Nikalinganisha tarehe moja baada ya nyingine, zikatoka rekodi tisa. Watu tisa. Tukatoa mafaili ya karatasi kabatini, tukafananisha saini na picha, mmoja mmoja. Wawili kati yao walishakatwa akiba kulipia deni lisilo lao, na hawakulalamika kwa sababu waliambiwa kompyuta imesema.

Baada ya hapo ndipo masharti yakaanza kuingia, na yenyewe hayakuingia kwa amani. Kolamu ya id kwenye wanachama ilikuwa INT UNSIGNED (namba nzima isiyo hasi), huku kwenye wadhamini ni INT ya kawaida. InnoDB haikubali, na kwenye 5.7 unachopewa ni "errno: 150" au "Cannot add foreign key constraint", basi. Ipi? Kwa nini? Unakwenda kusoma SHOW ENGINE INNODB STATUS, ushuke mpaka sehemu ya LATEST FOREIGN KEY ERROR. Toleo la 8.0 angalau linakutajia kolamu zipi haziendani.

Fundi wa pili alikuwa pia amepanga kuweka ON DELETE CASCADE kila mahali, yaani mzazi akifutwa watoto wafutwe naye. Nimekataa, na nitaendelea kukataa kwenye mfumo wowote wa fedha. Ukimfuta mwanachama, marejesho yake ya miaka sita yanayeyuka naye. Na tulikuwa na triga (amri inayojiendesha yenyewe data ikibadilika) inayoandika kila ufutaji kwenye jedwali la ukaguzi, ila InnoDB inapofuta watoto kwa CASCADE triga za jedwali la watoto hazifanyi kazi. Kasoro hiyo iliripotiwa tangu 2005. Mkaguzi angefungua daftari akute kweupe. Kwa hiyo RESTRICT, inayokataa ufutaji, na anayetaka kumwondoa mwanachama abadilishe hali yake iwe "ametoka". Rekodi inabaki.

Nawajua wa PostgreSQL, mko tayari kuandika "ndiyo maana sisi tulihama". Ni kweli mna raha zaidi. Kuanzia 9.1 mnaweza kuongeza sharti kwa NOT VALID, likalinda rekodi mpya papo hapo, mkasafisha za zamani taratibu halafu mkaendesha VALIDATE CONSTRAINT bila kusimamisha kazi. Ningekuwa na hiyo ningelala mapema. Lakini nimeona kwa macho yangu session_replication_role = replica, mpangilio unaonyamazisha triga, ikiachwa kwenye skripti za kupakia data, na funguo za kigeni kwenu zinaendeshwa na triga za ndani, kwa hiyo zinanyamaza zote. Na mwenye ufunguo wa kolamu mbili aangalie NULL, yaani nafasi isiyo na thamani. Kolamu moja ikiwa NULL, kwa kawaida ya MATCH SIMPLE, ile nyingine haikaguliwi kabisa.

Na wanaotengeneza programu za simu za maofisa wa mikopo wanaozunguka vijijini: SQLite, kanzidata ndogo inayokaa ndani ya programu, ina ukaguzi huu tangu 3.6.19 ya mwaka 2009, ila umezimwa mpaka uwashe PRAGMA foreign_keys=ON, na uwashe kila unapofungua muunganisho. Siyo mara moja. Kila muunganisho. Nimekagua programu ya maofisa wetu, haukuwa umewashwa popote.

Hoja ya kasi nimeichoka. "Funguo za kigeni zinafanya mfumo uwe mzito." Uzito mliouona mara nyingi ni indeksi (orodha ya kutafutia haraka) iliyokosekana. InnoDB inajiundia indeksi kwenye kolamu ya mtoto, PostgreSQL haiundi. Ukimfuta mzazi huko bila indeksi, inapekua jedwali zima la watoto kutafuta kama yupo anayemtaja. Weka indeksi. SACCOS yenye wanachama elfu chache haina muamala wa kuchosha kanzidata yoyote ya leo, msituletee mifano ya kampuni za Marekani zenye seva maelfu.

Turudi kwa ule mstari. Nimeuondoa Ijumaa ileile. Kijana akasema basi, tumerudisha ukaguzi, mambo yamekwisha. Hayajaisha! Ukirudisha FOREIGN_KEY_CHECKS=1, MySQL haikagui yaliyoingia wakati umezima. Inaendelea kuanzia pale na uchafu wote uko ndani, na sharti linaonekana zima kwenye SHOW CREATE TABLE. Nimeendesha utafutaji upya: rekodi 37 za tawi jipya zinataja wanachama wasiokuwepo. Excel ilikuwa na namba za daftari la tawi, siyo namba za mfumo. Kosa 1452 lilikuwa linamwambia hivyo hasa, neno kwa neno, na yeye akalifunga mdomo.

Data ya nje ipakieni kwenye jedwali la muda lisilo na masharti, mlinganishe huko, mtafute wazazi huko, kisha ndiyo mhamishe kilicho safi. Ingemchukua mchana mmoja.

Jumamosi saa nne usiku tunafunga mfumo. Nitaondoa masharti ya yale majedwali na kuyaweka upya ukaguzi ukiwa umewashwa, ili kila rekodi ipitiwe. MySQL hapo inanakili jedwali zima na hakuna anayeweza kuandika, ndiyo maana ni usiku. Kati ya zile 37, wenyewe wa 31 tumewapata kwa namba za simu. Sita bado, kabla ya Jumamosi naenda tawini kufungua fomu zao za karatasi.

Mwenye mfumo wa fedha kwenye MySQL 5.7 au chini yake, kabla hujanijibu hapa kwamba wako uko salama, badilisha majina ya majedwali uendeshe hii:

SELECT d.id, d.mwanachama_id, d.tarehe, w.tarehe_kujiunga
FROM wadhamini d JOIN wanachama w ON w.id = d.mwanachama_id
WHERE d.tarehe < w.tarehe_kujiunga;

Ikitoka hata rekodi moja, usiifute. Mtafute huyo mtu kwanza, kisha uje tuzungumze.