MJADALA: Fundi mkongwe wa Mombasa arudi darasani ndo apewe cheti?

Wadau salaam aleikum. Huu mjadala wa vyeti umekuwa moto na mie nina upande wangu kabisa, fundi aliyejifunzia kazi gereji au kwa mjombake apimwe ile kazi apewe cheti, asikalishwe darasani na vijana wa juzi afunzwe kitu anachokijua hata usingizini.

Wengine mwasema Mzee Maruge alirudi shule na miaka 84 sembuse nyinyi. Maruge tumheshimu sana, 2004 aliingia darasa la kwanza kule Eldoret, lakini yule mzee alifuata kitu ambacho hakuwa nacho, kusoma na kuandika. Sasa fundi friji wa Majengo yuafuata nini? Mtizameni akiwa kazini. Friji haigandishi, yeye hakimbilii kujaza gesi, anaweka kiganja kwa kompresa asikize inavyonguruma, halafu anapaka povu la sabuni pale mabomba yalipoungwa, kiungo kimoja kimoja, atulie aangalie wapi povu linafura. Na anaanza na mabomba ya nyuma kwa sababu hapa kwetu chumvi ya bahari inakula chuma vibaya sana. Hiyo ni elimu jamani, mwaiitaje kubahatisha?

Kuna profesa wa elimu wa Toronto kule Kanada, Allen Tough, miaka ya 70 alichunguza watu wazima wanavyojifunza wenyewe maisha yao yote. Hakuhesabu kitu cha juujuu, mpaka mtu atumie si chini ya masaa 7 akijifunza jambo moja kwa makusudi, na bado akakuta mtu wa kawaida hujifunza mambo kama 8 kwa mwaka, jumla masaa 700 hivi, na mengi amejipangia mwenyewe bila mwalimu wala shule. Masaa 700! Na hao ni wenzetu wenye vyuo kila kona.

Halafu ati jua kali, yaani hizi kazi za ufundi za mtaani, haina silabasi. Mtafiti mmoja wa Marekani, Jean Lave, alikaa na mafundi cherehani Liberia akaona mwanafunzi huanza na vifungo na kupinda nguo, kisha kushona, kukata kitambaa ndo mwisho maana hapo ukikosea umeharibu mali ya mtu. Mpango upo, haujaandikwa tu.

Hoja ya usalama nakubaliana nayo, fundi stima mbovu anachoma nyumba za watu, tena kwa hii mitaa yetu iliyobanana. Ndio maana nasema APIMWE, na apimwe kwa ukali, akifeli kitu kama kushughulikia gesi ya friji basi akasomee hicho tu, si kozi nzima toka mwanzo. Serikali yenyewe imeshakubali huu mpango wa kutambua ujuzi wa nje ya darasa, RPL wanauita, na mamlaka ya kusimamia sifa za masomo ipo tangu sheria ya 2014. Kwa hivyo mtahini aje pale pale karakana, amuulize kwa Kiswahili, amuone akifungua mashine na kuirudisha.

Sasa nyinyi mnaosema darasa ni lazima nijibuni hili, huyo fundi akifunga duka miezi sita aende chuo, karo atoe wapi na watoto wake wale nini?