MJADALA: Kwa nini kipaza sauti cha ushuhuda ni cha waliojibiwa peke yao?

Bwana Yesu asifiwe, wakuu. Na wasio wa imani hii nawasalimu kwa heshima, maana najua mpo na mtachangia.

Jumamosi hii baraza la wazee wa kanisa letu linakaa, na mojawapo ya ajenda nimeipeleka mimi. Naomba mniazime vichwa vyenu kabla sijaingia. Kila Jumapili tuna kipindi cha ushuhuda. Aliyepata kazi anashika kipaza sauti, aliyepata mtoto anashika, aliyeshinda kesi ya kiwanja anashika. Nina miaka 19 katika kanisa hilo na sijamsikia hata mmoja akisimama kusema, "Niliomba, nikafunga, sikupata, na bado nipo." Napendekeza naye apewe nafasi. Wazee wenzangu wawili wameshanipigia simu kusema huko ni kupanda mashaka madhabahuni. Nyie mnasemaje?

Niwaambie ninapotokea. Mimi ni mpentekoste wa kuzaliwa, Mbeya, na sina mpango wa kuhama. Ninaamini Mungu anaponya. Mdogo wangu aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka 6, madaktari wakatuandaa kwa mazishi, leo ana watoto watatu. Asije mtu kunishika koo hapa kwamba sijui nguvu ya maombi.

Ila Mama hakupona.

Alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, ikagundulika ikiwa imefika mbali. Alipigwa mionzi, na huku nyumbani tunaomba. Kikundi cha maombi kilifunga siku 21, mikesha ya Ijumaa ikahamia sebuleni kwetu, watu wakaomba mpaka sauti zikakauka. Hakuna aliyelegea, nawashukuru mpaka leo. Hali ilipozidi kuwa mbaya akaja mtumishi mmoja, simtaji yeye wala kanisa lake. Akamwekea Mama mikono, akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, kuna mlango umeuacha wazi. Mungu anataka kukuponya, ila kuna kitu unakificha."

Mama alikuwa amebakiwa na wiki sita, ingawa hatukujua. Wiki zote hizo alizitumia kutafuta dhambi yake. Usiku wa manane ananiita: "Mwanangu, hebu nikumbushe, nimemkosea nani?" Alituma aitwe jirani yetu wa zamani amwombe radhi kwa ugomvi wa mpaka wa shamba la mahindi, ugomvi wa mwaka 1988. Yule mama alikuja na mkungu wa ndizi, akaketi kitandani pale, akalia: "Dada, mimi huo ugomvi hata siukumbuki." Mama hakumwamini. Alidhani jirani anamficha kwa huruma, na kwamba kwa kufichwa huko atakosa kutubu. Alikufa akiamini ni yeye aliyemzuia Mungu.

Kifo chake nimekipokea. Hata Lazaro aliyefufuliwa alikufa tena. Nisichoweza kukipokea ni kwamba mwanamke aliyenifundisha kupiga magoti aliondoka duniani kama mshitakiwa.

Sasa twende kwenye Neno, maana najua mtanidai maandiko. Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 12. Herode anamkamata Yakobo, ndugu yake Yohana, anamuua kwa upanga. Mstari mmoja tu, kwisha. Kisha anamkamata Petro. Kanisa linamwomba Mungu kwa juhudi, malaika anaingia gerezani, minyororo inaanguka, Petro anatoka. Kanisa lilelile, mji uleule, Herode yuleyule. Mmoja amekufa, mmoja ametoka. Nani yuko tayari kusimama hapa aniambie kwamba Yakobo, mmoja wa watatu waliopanda mlimani na Yesu wakamwona aking'aa, aliacha mlango wazi? Au kwamba mama yake hakumwombea vya kutosha?

Halafu endeleeni kusoma, maana hapo mbele ndipo moyo wangu ulipopata pumzi. Petro anafika nyumbani kwa Mariamu mama yake Yohana Marko, wamo ndani wanaomba. Anabisha hodi. Binti Roda anaitambua sauti, kwa furaha anasahau hata kufungua, anakimbia kuwaambia. Na hao waombaji wanamjibu nini? Wanamwambia ana wazimu! Akisisitiza, wanasema ni malaika wake. Jibu la maombi yao limesimama nje linagonga, wao hawaamini. Sasa hiyo imani kubwa iliyomtoa Petro ilikuwa ya nani? Kama maombi hujibiwa kwa kupimwa kilo za imani ya mwombaji, Petro angeoza gerezani.

Ipo mifano mingine, naipitia haraka. Paulo alimsihi Bwana mara tatu kuhusu teso lake aliloliita mwiba katika mwili, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Paulo huyohuyo, ambaye leso zake zilikuwa zikipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa, na alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Hakumwandikia barua ya kumuuliza ana dhambi gani. Daudi alifunga na kulala chini siku saba kwa ajili ya mtoto wake aliyeugua, mtoto akafa. (Ndiyo, najua pale kulikuwa na dhambi, na nabii Nathani aliitaja waziwazi. Hakusema "kuna kitu" kisha akaondoka.)

Na Gethsemane. Mwana mwenyewe wa Mungu aliomba kikombe kimwepuke, "walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Hakikumwepuka.

Nikitaja kikombe, Watanzania wa rika langu wanakumbuka kingine. Mwaka 2011 nchi nzima, na majirani zetu pia, walielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa KKKT (Kanisa la Kilutheri), Ambilikile Mwasapile, tuliyemwita Babu. Kikombe kimoja cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, foleni ya magari kilometa na kilometa, wagonjwa wengine wakifia njiani. Sina neno baya juu ya mzee yule, amekwisha pumzika, alifariki mwaka 2021. Ninachokumbuka ni yaliyosemwa mitaani kwetu baadaye. Shangazi yetu alikwenda na kisukari akarudi na kisukari. Watu wakamwambia hukunywa kwa imani. Akipona mtu, sifa ni za kikombe. Asipopona, lawama ni za mnywaji. Naiona hesabu hiyohiyo leo kwenye mafuta ya upako, kwenye sadaka za kujimaliza, na niliiona kitandani kwa Mama.

Karibuni. Mniweke sawa nilipokosea.

*

Ijumaa usiku. Nimesoma michango yote, mingine mara mbili. Nashukuru hamkunitukana, isipokuwa wachache. Nijibu yale yaliyonigusa.

Kuna ndugu ameniletea Yakobo 4:3: hampati kwa sababu mwaomba vibaya. Ndugu, malizia mstari: "ili mvitumie kwa tamaa zenu." Bibi anayeomba aishi aone wajukuu wakimaliza shule, tamaa ipo wapi hapo? Tena kwa kuwa umefungua waraka wa Yakobo, songa mbele mpaka sura ya 5. Mgonjwa na awaite wazee wa kanisa, wamwombee, na kule kuomba kwa imani kutamwokoa. Soma polepole: wanaoomba pale ni nani? Ni wazee. Ni sisi. Kama kuna imani iliyopungua chumbani mle, andiko linaanza kutukagua sisi tuliosimama, kabla ya yule aliyelala. Na katika miaka yangu yote sijamsikia mtumishi akitoka kwa mgonjwa na kusema, "Nisameheni, imani yangu ndiyo iliyopungua."

Mwingine amesema Mungu hujibu siku zote, ama ndiyo, ama hapana, ama subiri. Nimelisikia hilo tangu Sunday School na silikatai, maana Paulo alijibiwa hapana na jibu lilikuwa na upendo ndani yake. Shida yangu ni haraka tunayolisemea. Mtu ametoka kuzika juzi, turubai bado halijarudishwa, unamwambia "Mungu alisema subiri." Asubiri nini, mpendwa? Ukimaanisha ufufuo, basi uutaje ufufuo, ukae naye, ulie naye. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba za mwanzo, walipokaa chini naye bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, watetezi wake, akamkubali Ayubu aliyekuwa analalamika.

Dada aliyeniletea Danieli 10, kwamba jibu lilitoka siku ya kwanza likazuiwa siku 21 na mkuu wa ufalme wa Uajemi: naliamini andiko hilo, vita vya rohoni vipo. Ila angalia malaika alivyomwambia Danieli, kwamba maneno yake yalisikiwa tangu siku ile ya kwanza. Hakumwambia amechelewa kwa sababu yake. Sisi tumechukua siku 21 tukazifanya kipimo, zikipita kimya tunamgeukia mwombaji.

Ustadhi wa Tanga, nimefarijika na mchango wako. Umeeleza kwamba kwenu dua haipotei: ama mja hupewa alichoomba, ama huwekewa akiba ya Akhera, ama huepushiwa baya la kiasi hicho. Hatusomi kitabu kimoja, ila nimeona nanyi mmekataa kumhukumu mwombaji kwa kutazama mikono yake mitupu.

Na wewe uliyeandika kwamba hakuna anayesikiliza, na kwamba Mama angekufa hata kama tusingeomba. Sina kipimo cha kukuonyesha kwamba umekosea, wala sitajifanya ninacho. Nitakwambia kilichonibakiza. Biblia yangu ina Zaburi ya 88, mtu analia mchana na usiku, hajibiwi, na zaburi inaishia gizani bila ushindi wowote. Waliokusanya maandiko hawakuitupa. Waliiweka iimbwe hekaluni. Kitabu kilichohifadhi kilio cha namna hiyo hakinifichi kitu, ndiyo maana nakiamini hata pale kinaposema Mungu yupo. Ukiniuliza nilikotoa ajenda hii, ndiko huko: hekaluni kilio hicho kilikuwa na nafasi yake, kanisani kwetu hakina.

Nimelichelewesha la huyu dada kwa sababu limenikosesha usingizi jana. Ana mtoto wa kiume wa miaka 9 mwenye sikoseli. Ameandika: "Kaka, mimi Jumapili naenda kuchota nguvu ya wiki. Nikikaa pale na mwanangu mapajani, mtu akasimama kusimulia mtoto aliyeombewa akafa, nitarudi nyumbani na nini?"

Dada, sikuwa nimekufikiria. Nilikuwa nafikiria waliokwisha kuzika, nikawasahau walio katikati ya safari. Una haki. Nilianza na wazo la kipaza sauti kile kile, kipindi kile kile, mtu anasimama tu na kusema lolote. Umenibadilisha hapo.

Lakini naomba nawe unisikilize. Siku moja mwanao akizidiwa, na nakuombea isitokee, utakuwa umekaa katika kanisa ambalo kila aliyewahi kuzungumza mbele alipata alichoomba. Utawaza uko peke yako. Mama aliwaza hivyo. Kumbe benchi la nyuma yake kulikuwa na mama aliyezika mapacha, na kwenye kwaya kulikuwa na mwanamke wa miaka 11 ya ndoa bila mtoto, wote wamenyamaza kwa sababu hawana "ushuhuda." Wangeweza kukaa naye zile wiki sita. Nimewajua baada ya mazishi, mmoja mmoja, wakinivuta pembeni chini ya mwembe wa kanisa kuniambia kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo nimeandika ajenda upya usiku huu. Naomba mambo mawili. Kwanza, iwepo ibada moja kwa mwezi, jioni, ya maombolezo na maombi, ajaye aje kwa hiari akijua kinachosemwa humo ni nini, na wazee tuwepo tusikilize bila kusahihisha. Pili, na hili sitalilegeza: mzee au mtumishi yeyote anayetumwa na kanisa letu kwa mgonjwa asimwambie kwamba ugonjwa wake umebakia kwa sababu ya dhambi au imani haba. Wanafunzi walimuuliza Yesu habari za kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Na asimwambie mtu aache dawa. Muuguzi aliyechangia humu ameeleza vizuri wanavyopokea wagonjwa walioacha vidonge kwa kuambiwa kumeza ni kutokuamini. Nitausoma mchango wake kikaoni kama alivyouandika.

Kikao ni saa nne asubuhi. Dada mwenye mtoto, kama bado upo hapa, niambie: hiyo ibada ya jioni ikiwepo, ungekuja? Na kama usingekuja, ungependa nani aje kwako nyumbani? Sijazima simu, nasubiri jibu lako nikaliweke mezani.