Beberini: kabla au baada ya kula? Naomba ushauri wakuu

Kisado: Wakuu, nina sukari aina ya pili. Nameza beberini (vidonge vya mmea vya kushusha sukari) miligramu 500 mara tatu kwa siku, chupa ya vidonge 60. Leo siku ya 12, nimefungua chupa ya pili. Tumbo linasokota. Swali moja tu: kabla ya kula au baada?

Mchaguzi: Pamoja na chakula. Kosa lako ni kuanzia juu. Huanzwa na 500 mara moja kwa siku, wiki nzima, ndipo unapanda. Inafyonzwa kidogo mno, nyingi hubaki utumboni na kuvuruga huko: huyu anaharisha, yule anafunga choo.

LeboKwanza: Lebo inasemaje? "Dondoo la mmea miligramu 500" si sawa na "beberini haidrokloraidi miligramu 500". Dondoo lisilotaja asilimia halikwambii kitu. Na rangi isikudanganye, hata bizari ni ya njano.

SwaliMoja: Hujataja dawa ya hospitali unayotumia.

Kisado: Haihusiani, mkuu. Nimeuliza kabla au baada.

SwaliMoja: Inahusiana kuliko swali lako.

Kisado: Haya. Glibenklamaidi, dawa ya sukari, miligramu 5, asubuhi. Lakini beberini ni mmea, haina kemikali. Na inafanya kazi: jana kabla ya mchana kipimo kilisoma 3.4, nikatoka jasho na kutetemeka kidogo.

Mpapaso: Hata ndulele ni mmea.

SwaliMoja: 3.4 ni sukari imeshuka, mpaka ni 3.9. Glibenklamaidi hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala, na beberini inashusha kwa njia yake. Acha beberini leo. Dawa ya hospitali usiiache kienyeji, mpigie aliyekuandikia umpe hiyo namba. Ikishuka tena: gramu 15 za sukari, kama vijiko vinne vya chai vya kusawazisha, kwenye maji. Pima baada ya dakika 15, bado iko chini rudia. Ikipanda, kula, kwa sababu glibenklamaidi hukaa mwilini na sukari inaweza kushuka tena. Ukizimia, wasikunyweshe chochote, wakukimbize hospitali.

Mchaguzi: Beberini pia huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa. Wenye siklosporini (ya waliopandikizwa kiungo) au simvastatini (ya kolesteroli) wasiiguse bila daktari.

HesabuTu: Mnahangaika na chai. Vidonge 60, vitatu kwa siku, ni siku 20. Huyu siku ya 12 yuko chupa ya pili! Muuzaji huyo, subirini namba ya simu.

Mpapaso: Chai yenye tangawizi kabisa.

Kisado: Siuzi kitu. Mke wangu naye anameza viwili kwa siku, apunguze tumbo.

HesabuTu: Vitano mara 12, ni 60. Nimefuta kauli. Tumbo la nini?

Kisado: La uzazi. Mtoto ana wiki tatu. Ananyonya, lakini mama anameza viwili tu, tena baada ya kula.

SwaliMoja: Kumbe uzi wenyewe ndio huu. Beberini hupita kwenye maziwa. Kwa mtoto mchanga, bilirubini (ile rangi inayoleta umanjano) hubebwa na albumini, protini ya damu. Beberini huibandua, na bilirubini iliyo huru inaweza kuingia kwenye ubongo. Mama aache vidonge sasa, si kunyonyesha. Mtazameni mtoto kwenye mwanga wa mchana: weupe wa macho, kisha bonyeza paji la uso kwa kidole na uachie. Umanjano, usingizi mzito, au kugoma kunyonya, hospitali leo.

Kisado: Macho yana unjano tangu juzi. Si watoto wote huwa hivyo?

Mchaguzi: Siku za mwanzo, wengi, ndiyo. Unaoanza wiki ya tatu si ule. Nendeni na chupa, mtaje beberini kwa jina, msiseme "dawa ya asili".

Kisado: Sawa. Na hii chupa ya pili, muuzaji atairudisha ikiwa imefunguliwa?

SwaliMoja: Bado uko humu?