Mume kapiga marufuku vitu vitamu nyumbani, mtoto anakula kwa kujificha. Naomba ushauri

MamaTabata: Habari zenu wakuu. Baba mkwe wangu alifariki kwa kisukari, mume wangu aliumia sana na toka hapo soda, biskuti, kashata, aisikrimu, hata visheti vya sikukuu haviingii ndani. Namuelewa kabisa. Sasa binti yetu ana miaka saba, juzi nafua sare yake nakuta makaratasi ya pipi mfukoni, kumuuliza analia ananiambia nisimwambie baba, kumbe hela ya kula shuleni yote inaishia dukani kwa mangi. Na kwenye birthday ya jirani alikula keki mpaka akatapika. Nyumbani anakula vizuri tu, ugali, dagaa, mchicha, matunda, chai, na juisi ya boksi ambayo baba yake karuhusu. Naogopa kisukari na naogopa huu uongo anaojifunza. Nifanyeje bila kumvunjia mume wangu heshima?

Mzee wa Mbagala: Mumeo yuko sahihi mama. Ndugu yangu kisukari kimeondoka na mguu. Akaze hivyo hivyo, mtoto atazoea.

Lishe Kwanza: Pole dada, na pole mzee wangu kwa ndugu yako. Ila hapo kwenye kuzoea naomba nipingane kwa heshima. Kuna utafiti wa Marekani ulichapishwa 1999, watoto wadogo waliwekewa biskuti, nyingine wanachukua wakitaka, nyingine wanaziona kwenye chombo ila wamekatazwa mpaka muda fulani, basi zile zilizokatazwa ndo wakawa wanazizungumzia na kuziomba zaidi. Ndo huyo binti na keki ya jirani, hajui itakuja lini tena kwa hiyo anamaliza yote leo.

Halafu dada, chai anawekewa vijiko vingapi vya sukari?

MamaTabata: Vitatu, asubuhi na jioni. Juisi glasi moja mchana.

Lishe Kwanza: Basi sukari iko hapo hapo mezani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwa chini ya 5 ni bora zaidi. Mtoto wa umri huo tukisema anakula kalori 1600, hiyo asilimia 10 ni gramu 40, vijiko kumi vya chai hivi. Chai pekee imekula sita, juisi bado! Soda ya 350 ml nayo inakaribia vijiko tisa. Mngeshusha chai iwe kijiko kimoja taratibu, na juisi ikawa embe au chungwa lenyewe ambalo lina nyuzinyuzi, mngepunguza sukari kuliko hiyo marufuku ya kashata na bado akapata kitu chake kitamu wikiendi.

Mke wa Mtu Kigamboni: Sisi Jumapili baada ya msosi kila mtu anapata kipande chake cha keki au kaimati nne, imeisha hiyo, hakuna anayeomba Jumatatu. Ila usimwambie "maliza mchicha nikupe keki" maana hapo mchicha unakuwa adhabu. Na pipi za kumung'unya muda mrefu ziepuke kwa ajili ya meno.

Mzee wa Mbagala: Hiyo ya chai sikuifikiria. Ila kwenye ukoo wenye kisukari muwe makini hata hivyo, uzito wake muuangalie na acheze sana nje.

Lishe Kwanza: Kweli kabisa mzee, urithi, uzito na kukaa bila kushughulisha mwili vyote vinachangia. Dada, ongea na mume mtoto akishalala, anza na hesabu ya chai, usianze na makaratasi ya pipi. Na aisikrimu ya kwanza amnunulie baba mwenyewe, wakae wale wote kule ufukweni Coco, mtoto aone hakuna haja ya kumficha.

MamaTabata: Asanteni sana jamani. Leo jioni chai inaanza na vijiko viwili, mume naongea naye Ijumaa akirudi safari.