Natengeneza msaada wa VS Code kwa lugha yangu ya programu, naomba ushauri

Mwandika_Lugha: Wakuu, heshima kwenu. Nina lugha ndogo ya programu niliyoiandika kwa Go kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Maneno yake ni kama, sivyo, rudisha. Inafanya kazi, ila ndani ya VS Code, kihariri cha kodi, maandishi yote ni rangi moja, na mwanafunzi hajui kakosea wapi mpaka aendeshe programu. Nimeanza kuandika seva ya LSP (itifaki ya kihariri kuzungumza na programu inayoielewa lugha), nimekwama. Mtu akiwa katikati ya kuandika `kama umri >`, mapendekezo ya kukamilisha maneno yanapotea faili zima. Halafu emoji ikitangulia kosa kwenye mstari, alama nyekundu inasogea kulia nafasi mbili. Na rangi je, nianze nazo au nimalizane na seva?

Mzee_wa_Terminal: Anza na rangi, mkuu. VS Code inasoma sarufi ya TextMate, faili moja la JSON lenye ruwaza za maneno yako. Haihitaji seva hata kidogo, na wanafunzi wataona tofauti mara moja.

binti_wa_baiti: Hiyo ya emoji naijua. Go inahesabu baiti, na 😀 ni baiti 4 kwenye UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi kama baiti. LSP kwa kawaida inahesabu vipande vya UTF-16, njia nyingine ya kuhifadhi herufi, ambako emoji hiyo ni 2. 4 toa 2, ndizo hizo nafasi zako mbili. Toleo la 3.17 la LSP linaruhusu pande zote mbili zikubaliane kutumia UTF-8, lakini UTF-16 ndiyo pekee ya lazima. Geuza hesabu sehemu moja tu, pale ujumbe unapoingia na kutoka.

Fundi_Sarufi: Sikatai rangi, ila tatizo lako kubwa ni kichanganuzi, ile sehemu inayosoma kodi na kuijenga kuwa mti wa sarufi. Cha kuendesha programu kinaweza kusimama kwenye kosa la kwanza. Cha kihariri hakiwezi, maana mtu anapoandika, kodi yake karibu muda wote haijakamilika. Kikikutana na kosa, kiweke alama ya kosa kwenye mti, kiruke mpaka mwanzo wa sentensi inayofuata au mabano ya kufunga, kisha kiendelee. Hapo `kama umri >` itaharibu mstari wake tu, na vitendaji vya chini vitabaki vinajulikana. Tree-sitter, zana ya kutengeneza vichanganuzi, inafanya hivyo tayari, na inachanganua upya sehemu iliyobadilika tu. Lakini itabidi utunze sarufi mbili, yake na ya kichanganuzi chako, na kwa lugha ndogo sioni faida. Rekebisha cha kwako.

Mwandika_Lugha: Nashukuru sana wakuu. Kuna jambo jingine: nikiweka fmt.Println (amri ya Go ya kuchapisha) ili nione kinachoendelea, kihariri kinakata mawasiliano na seva.

binti_wa_baiti: Seva yako inaongea na kihariri kupitia stdout, njia ya kawaida ya matokeo ya programu, na kila ujumbe unatanguliwa na Content-Length, yaani urefu wake. Ukichapisha humo maneno yako, kihariri kinayasoma kama ujumbe mbovu. Peleka kumbukumbu zako (log) stderr, njia ya pili iliyotengwa kwa ujumbe wa makosa, utazikuta kwenye dirisha la Output.