Wauza seti za kuchapa fulana nyumbani, acheni utapeli: pamba haishiki huo wino!

Wakuu, heshima kwenu. Nimekuja na hasira, mtanivumilia.

Kuna hawa jamaa wanaouza "seti kamili ya biashara ya sebuleni": printa, hitipresi (mashine ya kukandamiza kwa joto), wino, rimu ya karatasi na darasa la nusu siku juu yake. Ukifika dukani anakuchapia kikombe, anakuchapia jezi, rangi zinawaka mpaka unajiona tajiri. Unatoa hela ya kikoba, unapakia mzigo kwenye bajaji, unarudi nyumbani unachekelea.

Asichokuambia ni kwamba wino aliokupa ni wa sablimesheni. Wino huo ukibanwa kwenye joto la karibu nyuzijoto 200 unageuka mvuke na kuzama ndani ya polista, kitambaa cha jezi. Ndiyo maana jezi ilitoka safi, na kikombe nacho kimepakwa dawa maalumu juu. Pamba haina cha kuukamata huo wino. Tena hauna rangi nyeupe, kwa hiyo kwenye fulana nyeusi utachapa mpaka kesho na hutaona kitu.

Sasa niambieni, mteja wa Dar anataka nini? Fulana ya pamba, na mara nyingi nyeusi! Anayejua hilo kuliko wote ni muuzaji, maana fulana zenyewe za pamba aliniuzia yeye, duka lile lile, siku ile ile.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ya arobaini. Fulana nyeupe, picha ya marehemu kifuani. Siku ya shughuli zilionekana vizuri, watu wakapiga picha. Baada ya kufua, mjane akaja na ya kwake mkononi. Uso wa mumewe umebaki kivuli, macho hayaonekani. Hakunifokea, alinionyesha tu. Nikampigia muuzaji. Jibu lake: "Dada, waambie wafue kwa maji ya baridi." Maji ya baridi yanaufanya nini wino ambao haujashika tangu mwanzo?

Nilipombana akaniuzia dawa ya kupuliza ili pamba ishike. Ukipuliza na kukandamiza, kifua cha fulana kinakuwa kigumu na kina umanjano pale dawa ilipopita. Na rangi ikaendelea kupauka vile vile. Baadaye akaniuzia karatasi za transifa za fulana nyeusi, zile za kuchapa picha na kuibandika kwa joto, ambazo zinapasuka-pasuka kifuani. Kila ukilalamika ana bidhaa nyingine ya kukuuzia, na hii ndiyo inayoniuma kuliko hela yenyewe: alijua tangu siku ya kwanza.

Mwisho akaniambia nihamie DTF, yaani picha inachapwa kwenye filamu kisha inabandikwa kwenye nguo kwa joto. Ni kweli DTF inashika pamba, hata nyeusi. Lakini wino wake mweupe una unga wa titani unaotuama chini. Printa isipofanya kazi siku kadhaa, hedi, pale wino unapotokea, inaziba. Kwa umeme huu wetu? Na kwa oda za mtu wa nyumbani, wiki hii unazo, wiki ijayo huna?

Umeme nao hausemwi darasani. Hitipresi ya wati 1,800 ikiwaka mfululizo inakula karibu uniti mbili kwa saa. Sisi tulio D1, kundi la TANESCO la watumiaji wadogo wa nyumbani, tunalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na makato, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ukihamishiwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, ni 292. Weka hiyo kwenye hesabu zenu za "mtaji unarudi mwezi mmoja".

Wakati huohuo vijana wa skrini mtaani, wanaosukuma wino kupitia kitambaa kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, wanachapa pamba inayofuliwa mpaka fulana ichanike. Hakuna tangazo linalowataja, kwa sababu kwao hakuna seti ya kuuza.

Jamaa ameshaniblok WhatsApp. Seti ile ile sasa anaitangaza kama ofa ya wanachuo, na jezi iliyochapwa imetundikwa mbele kama kawaida.

Mnaokwenda kununua, msiangalie hiyo jezi. Beba fulana yako nyeusi ya pamba, mwambie achape mbele yako. Akimaliza, mwombe ndoo ya maji na sabuni.