Kimbunga Kenneth 2019: utabiri wa Mtwara ulikosea wapi?

Mkaa_Shangani
Wadau, Aprili 2019 Mtwara ilitangaziwa Kenneth. Shule zikafungwa, wa mabondeni wakaambiwa wahame. Tarehe 25 kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Tangu hapo vijiweni ni "wale wa utabiri wanatisha watu tu". Kosa lilikuwa wapi? Na mtu wa pwani atajuaje kimbunga kiko upande gani wake?

Matlai
Kosa lenyewe dogo, mkuu. Kenneth kilipita kaskazini ya Ngazija (Komoro) tarehe 24 kikielekea magharibi. Kutoka hapo, kupinda kidogo tu kunatosha kuhamisha balaa kutoka Msimbati, Mtwara, hadi karibu na Pemba (ya Msumbiji, si ya karafuu). Kilichoshtua zaidi ni kasi ya kukomaa: kilitua na upepo wa kama km 220 kwa saa, wiki sita tu baada ya Idai kupiga Beira.

Huku kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikitua kusini yako, upepo wako hutoka bara na kuisukuma bahari nje. Kikitua kaskazini yako, upepo hutoka baharini na maji yanakujia. Mtwara iliponea hapo. Hidaya, Mei 2024, kilifika Mafia kimeshapungua nguvu, lakini Kilwa na Lindi zilikuwa kusini yake: mafuriko, na barabara ya Dar ikakatika Somanga.

Kujua kilipo: upe upepo mgongo, kitovu kiko kulia kwako, mbele kidogo. Simama pa wazi, maana kona za majengo hupotosha. Upepo mwepesi wa alfajiri usiuhesabu, huo ni wa nchi kavu wa kila siku.

Kenchi_na_Papi
Wanaosema "kusini hakuna vimbunga" waulizeni wazee wa Lindi habari ya 15 Aprili 1952. Zanzibar nayo ilipigwa 15 Aprili 1872. Kwa hiyo kazi ya paa ifanywe kabla ya masika.

Upepo huanza kung'oa pembeni na kwenye kofia (bati la kileleni). Ukingoni piga msumari kila mgongo wa bati. Katikati unaweza kuruka mmoja. Usipige bondeni, patavuja. Lakini misumari haisaidii kama kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) imekaa tu juu ya ukuta: ifunge kwenye linta kwa waya mnene au mkanda wa chuma uliozamishwa kwenye zege. Bila hivyo paa huondoka zima, na papi zake (mbao zinazopigiliwa bati).

Mkaa_Shangani
Shukrani. Na kipimo cha mgandamizo wa hewa cha kwenye simu kinafaa?

Matlai
Kinafaa ukijua mwenendo wake. Ukanda wetu mgandamizo hupanda mpaka kama saa 4 asubuhi, kisha hushuka taratibu hadi saa 10 jioni, hektopaskali 2 au 3 hivi. Huo usikutishe. Ukishuka wakati wa kupanda, au ukipita kiasi hicho ndani ya saa 3, sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa na upandishe ngalawa juu ya alama ya maji ya bamvu (maji makuu).